Zulia la Mkange

Mwinyijuma alikuwa mwana wa Mrisho, Mrisho mwana wa Mwinyimvua, na Mwinyimvua mwana wa Mgeni, yule aliyejenga nyumba ya kwanza ya mawe katika mtaa wake pale Bagamoyo. Hawakuwa matajiri hao, wala hakuna aliyepata kuwaita mabwana wakubwa. Lakini hapakuwa na mtu, wa pwani wala wa bara, aliyetaja majina yao asiongeze neno jema. Mgeni alikuwa mtu wa kwanza kufika msikitini na wa mwisho kutoka. Mwinyimvua ndiye aliyefungua chumba cha amana. Na Mrisho, mshona matandiko ya punda na turubai za misafara, alikitunza chumba hicho miaka arubaini bila ya kupotea hata sindano.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ukumbi, hakina dirisha, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa mwenye nyumba. Zama za misafara wapagazi waliotoka bara waliweka humo nguo zao, majembe yao na hirizi zao, wakaenda walikokwenda, na waliporudi walivikuta. Desturi ilikuwa hii: kila kitu cha watu kilishonwa uzi mweupe pembeni, ukapigwa mafundo, na mwenye mali alipewa uzi kama ule, wenye mafundo yaleyale, aende nao. Siku ya kuchukua mali yake, nyuzi mbili zililinganishwa. Zikipatana, mwenye mali alikabidhiwa kitu chake kizima, naye aliuacha uzi wake kwa mwenye nyumba kuwa ni ushahidi kwamba ameridhika. Nyuzi hizo zilitiwa katika chupa kubwa ya kioo iliyowekwa juu ya kabati ukumbini. Mgeni yeyote aliyeingia nyumba ile aliiona chupa kwanza kabla ya kuona uso wa mwenyeji.

Vitu vya nyumba navyo vilikaa humohumo, ila havikuwa na uzi. Kwa sababu hiyo Mwinyimvua aliweka sheria ambayo watoto wa nyumba ile waliijua kabla ya kuujua mwanzo wa juzuu: usitumie kitu chochote cha chumbani mpaka umekikunjua chote na kuziona pembe zake zote.

Mrisho alipopatwa na maradhi ya kupooza, mwaka 1950, ulimi wake ulikufa ganzi akakaa siku tisa bila ya kusema. Siku hizo tisa alikuwa akinyoosha kidole kwenye mlango wa chumba, kisha akisugua dole gumba juu ya kidole cha shahada, tena na tena. Mwinyijuma, mwanawe wa pekee, alimvua ufunguo shingoni akauvaa yeye, akasema, "Nimeelewa, baba. Nimepokea." Mzee alifumba macho akageukia ukutani. Waliokuwapo walisema amepumzika. Mwinyijuma aliisimulia ishara ile kwa fahari kila alipoulizwa jinsi alivyokabidhiwa nyumba. Kwa nini baba yake alisugua vidole vile, hakupata kujiuliza.

Miaka mitatu baadaye, siku ya Jumatatu, motokaa iliingia uani kwake ikikohoa.

Ilikuwa Osteni nyeusi ya mwaka 1934, yenye taa mbili kama macho ya kaa na mikanyagio mipana ubavuni. Mwenyewe alikuwa Yosefu, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge, ambaye mwenye shamba alipofunga mizigo kurudi kwao alimuuzia motokaa ile badala ya kuiacha ioze. Yosefu alikuwa Mnyamwezi wa asili, mzaliwa wa Bagamoyo, mtu wa misheni. Na kwa kuwa Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani, hakuingia kwa salamu za adabu.

"Fundi wa punda!" aliita. "Nimekuletea punda asiyekula majani."

"Namwona," alijibu Mwinyijuma bila ya kuinua uso kwenye tandiko alilokuwa akishona. "Ila punda wangu hawahitaji kusukumwa kutoka Kerege."

"Nani kakwambia nilisukumwa?"

"Waliosukuma."

Yosefu alicheka hata kofia ikamtoka. Kisha alifungua mlango wa gari, na kicheko kikamwisha. Mvua za masika zilikuwa zimepenya kwenye mipira ya vioo. Zulia la sakafuni lilikuwa limeoza. Panya walikuwa wamelitoboa, na lilinuka kama kisima kilichofunikwa. "Jumamosi namwoza Skolastika," alisema kwa sauti nyingine. "Ni binti yangu wa pekee. Nataka atoke nyumbani hadi kanisani ndani ya gari hili, na shela lake lisiguse uchafu huu. Utaweza, mtani?"

Mwinyijuma hakuwahi kushona sakafu ya motokaa maishani mwake. Lakini mtu aliyelelewa katika fahari huona haya kusema sijui. Alizunguka gari mara moja, akachungulia, akasema, "Ijumaa baada ya sala njoo ulichukue."

"Na zulia lenyewe? Nimetafuta maduka yote. Dar es Salaam kwenyewe wameniambia ningoje meli."

"Zulia ninalo. Ni la marehemu baba."

Ndivyo alivyoamini. Chumbani palikuwa na zulia jekundu, zito, lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya usumba, na tangu alipopokea ufunguo alikuwa akiliona limesimama pembeni. Alilitoa, akazitazama pembe mbili za nje, hazikuwa na uzi. Mkewe Mwajabu alikuwa amekaa ukumbini akisuka ukili.

"Hulikunjui?" aliuliza.

"Nimeona pembe."

"Umeona mbili. Baba mkwe alikuwa akikunjua mpaka mwisho, hata kama ni leso."

"Mwajabu, zulia la urefu huu nikilikunjua uani litaingia mchanga. Kazi hii nimefundishwa na Mrisho. Sijafundishwa na msuka mikeka."

Mwajabu aliuma mwisho wa ukili, akaukata kwa meno, akanyamaza. Walikuwa na miaka thelathini ya ndoa, naye alijua kunyamaza kwa namna nyingi.

Mwinyijuma aliifanya kazi kwa utaratibu. Aliving'oa viti vya mbele, akalibandua zulia bovu kipande kwa kipande, akivitunza visichanike zaidi, kwa kuwa ndivyo vingekuwa vigezo vyake. Alikwangua gundi ya zamani kwenye mbao za sakafu, akazianika, akatandika gunia safi liwe mto wa chini. Siku ya Jumatano aliukunjua upande wa nje wa lile zulia jekundu kiasi alichohitaji tu, mengine akayaacha yameviringwa. Alivilaza vigezo juu ya mgongo wa zulia, akavizungushia chaki, akaongeza upana wa vidole viwili kwa ajili ya upindo, akakata. Mkasi ulikuwa wa baba yake. Ulikata vizuri.

Kipande cha nyuma kilikaa sawasawa. Kipande cha upande wa dereva, chenye matundu ya breki na klachi, kilikaa kama kilichozaliwa humo. Lakini kile cha katikati, cha kufunika nundu ya gia, kilimshinda. Anayekata kwa kufuata mgongo wa zulia ni lazima akilaze kigezo kifudifudi. Yeye, kwa haraka, alikilaza chali. Alipokitia garini Alhamisi adhuhuri, tundu la mkono wa gia lilikuwa kushoto na mkono wenyewe uko kulia.

Alikitazama kipande kile kwa hasira ya mtu ambaye hajazoea kukosea. Kisha akarudi chumbani kukata kingine.

Safari hii palihitajika kipande kipana, na ili kukipata alilazimika kulikunjua zulia lote. Alilisukuma kwa mguu, likaviringika hadi ukutani, likaonyesha pembe yake ya ndani kabisa. Pale palikuwa na uzi mweupe wenye mafundo saba.

Mshono ulikuwa wa Mrisho. Hakuna mtu mwingine pwani nzima aliyerudisha sindano nyuma mara mbili kabla ya kupiga fundo. Mwinyijuma alipiga magoti, akaushika uzi kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na vidole vyake vikausugua vyenyewe. Hapo ndipo alipomwelewa baba yake. Siku tisa mzee alikuwa akimwambia: kuna uzi humo. Naye alimjibu, nimeelewa.

"Umeona nini?" Mwajabu alikuwa mlangoni.

"Hakuna."

Lilikuwa neno dogo, naye alilisema kwa sauti yake ya kawaida. Mwajabu alingoja kidogo, akaondoka.

Kosa la kwanza lilikuwa la macho, na la macho mtu husamehewa. La pili lilikuwa la moyo. Mwinyijuma alikaa palepale akijihoji. Zulia limekwisha kukatwa. Je, kuacha sasa kutaliunga? Mwenyewe ni nani? Miaka mitatu hajaja, huenda amekufa. Akija atalipwa jipya meli ikifika. Na Yosefu ameahidiwa Ijumaa, na hapana mtu wa ukoo huu aliyepata kuvunja ahadi. Ajabu ya moyo wa binadamu ni hii, kwamba hata hiana huweza kuivisha kanzu ya uaminifu. Alichukua mkasi, akakata kipande kingine cha nundu karibu na uzi, akauacha uzi mahali pake. Aliona kuuacha uzi ni wema.

Ijumaa asubuhi gari lilikuwa tayari. Kingo zote zilikuwa zimezungushiwa ukanda wa ngozi, misumari midogo imepangwa kama meno, na viti vimerudishwa. Milango ilikuwa wazi ili harufu ya gundi itoke, na jua lilipoingia, wekundu wa zulia uliwaka. Mwinyijuma alikuwa amesimama akilitazama bila ya furaha alipoingia mzee mwembamba mwenye bakora, amejaa vumbi la mkaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usinipe mkono, nimekuja juu ya lori la mkaa, nitakuchafua. Wewe ndiye Mwinyijuma? Umefanana na marehemu mpaka masikio. Mimi ni Majaliwa, wa Mkange."

"Karibu, mzee Majaliwa. Habari za Mkange?"

"Ni njema, alhamdulillahi. Njema kuliko zote." Mzee aliketi kwenye mkanyagio wa gari, mgongo wake kwa mlango uliokuwa wazi, akavuta pumzi. "Msikiti wetu umekwisha. Miaka mitano tumeujenga, jiwe kwa jiwe, na Ijumaa ijayo tunaufungua. Nimekuja kuchukua ile amana."

Alifungua fundo la shuka, akatoa uzi mweupe. Mwinyijuma hakuhitaji kuyahesabu mafundo.

"Ni zulia la marehemu Mwanamkasi," aliendelea mzee, kwa kuwa furaha humfanya mtu aseme. "Alikuwa mjane, hana mtoto. Aliuza minazi yake yote, akaliagiza kutoka Unguja, akaliweka wakfu kwa msikiti ambao ulikuwa bado ni nyasi. Tukasema, Mkange mchwa watalila. Wapi litakaa salama? Watu wote wakajibu kwa mdomo mmoja: kwa Mrisho."

Mwinyijuma aliingia ndani. Angeweza kusema zulia limeibwa. Angeweza kusema baba hakuacha kitu. Maneno yote mawili yalimjia, akayaona yamekaa mdomoni kama mate. Kisha alilibeba lile lililobaki, akalitua miguuni pa mzee, akaikunjua pembe yenye uzi. Majaliwa alilinganisha mafundo, saba kwa saba, akatabasamu. Halafu alilipapasa zulia kwa upana, na mkono wake ukafika mahali mkasi ulipopita.

"Mbona limepungua?"

Mwinyijuma aliangalia gari. Mzee aliinua uso, akageuka taratibu pale alipoketi, akaona ndani ya gari. Kisha aliinama, akavua viatu vyake vya ngozi kimoja kimoja, akaviweka mchangani mbali na mlango.

"Ulijua?" aliuliza Majaliwa.

"Nilipoanza sikujua. Nilipomaliza nilijua."

Mwajabu alikuwa amesimama kizingitini na kanga kichwani. Hakumtetea mumewe, wala hakumlaumu. Mwinyijuma alichukua koleo, akapiga magoti kando ya gari, akaanza kuing'oa misumari.

Alikuwa amekwisha kukitoa kipande cha nyuma Yosefu alipofika, amevaa koti, kabla ya wakati kwa sababu ya hamu.

"Mtani! Unafanya nini? Wanishonea au wanichuna?"

Mwinyijuma alimweleza, hakuficha hata lile la pembe ya ndani. Utani ulimtoka Yosefu usoni.

"Kesho ni harusi," alisema. "Kesho, Mwinyijuma! Nimewaambia watu wa misheni nzima. Mwanangu akanyage mbao?"

"Nisamehe."

"Si suala la kusamehe! Wewe si ndiye uliyeniambia ni la babako?" Alizunguka gari akipiga paja kwa kofia. Akasimama mbele ya fundi. "Babu yangu alifika mji huu na mzigo wa pembe kichwani. Aliweka jembe na nguo mbili kwa Mwinyimvua, akaenda Unguja, akaugua, akarudi baada ya miaka miwili akiwa mifupa mitupu. Akakuta jembe lake limepakwa mafuta lisipate kutu. Limepakwa mafuta, wasikia? Jembe la mpagazi! Hadithi hiyo nimelishwa pamoja na uji. Sasa niambie, babu yangu angekukuta wewe, angelikuta jembe au angekuta umelimia?"

Mwinyijuma aliinamisha kichwa. Katika ukoo wake hakuna aliyepata kuambiwa neno kama lile, tena uani kwake, tena na mtani asiyetania.

Yosefu alimtazama Majaliwa na miguu yake mitupu. Alishusha pumzi, akavua koti, akalitundika kwenye taa ya gari. "Nipe koleo jingine," alisema. "Sitamwoza binti yangu juu ya wakfu wa mtu."

Waliling'oa lote, msumari kwa msumari. Walipomaliza, Mwajabu alitoka ndani na mkeka mpana wa ukindu, wa rangi ya zambarau na njano, aliousuka miezi mingi kwa ajili ya chumba chake mwenyewe. Aliutandaza chini.

"Huu ni wangu," alisema. "Mkitaka kuona pembe, ziko nne, zitazameni. Hauna uzi. Naukata mimi." Akanyoosha mkono, na mumewe akampa mkasi wa Mrisho.

Baada ya sala ya Ijumaa mume na mke walishona pamoja, Mwajabu akipinda kingo kwa kitambaa na Mwinyijuma akipigilia, naye safari hii aliuliza kila kigezo kilazwe vipi na akalaza alivyoambiwa. Jumamosi Skolastika alipanda garini, shela lake likafagia mkeka, na wanawake wa misheni walisema hawajaona sakafu ya gari nzuri kama ile. Mwinyijuma hakuwapo kusikia. Alikuwa njiani kwenda Mkange na vipande vyote mgongoni mwa punda.

Huko alifua kila kipande mara saba, ingawa hakuambiwa afanye hivyo. Kisha alikaa sakafuni mwa msikiti mpya siku nne akiunga. Alirudisha sindano nyuma mara mbili, kama baba yake. Lakini zulia lililokatwa halizaliwi upya. Makovu yalibaki: mstari wa nundu, duara la mkono wa gia mahali pawili, na matundu mawili ya breki na klachi yaliyozibwa karibu na safu ya kwanza. Aliomba aruhusiwe kununua jipya meli itakapokuja. Wazee wa Mkange walishauriana, na Majaliwa akaleta jibu.

"Tutaswali juu ya hili hili. Nia ya Mwanamkasi haikukatwa na mkasi wako."

Mwinyijuma alishukuru. Kisha alingoja, mkono wake umefunguka kidogo bila ya yeye kujua, kwa sababu wakati wa kukabidhi ulikuwa umefika na katika wakati huo mwenye mali huacha uzi. Majaliwa aliutazama mkono ule. Alichukua kisu kidogo, akaufumua uzi wa Mrisho kutoka pembeni mwa zulia, akauweka pamoja na wake, akazifunga nyuzi zote mbili katika ncha ya shuka.

"Safari njema, mwanangu," alisema kwa upole.

Hapana mtu aliyemtukana Mwinyijuma baada ya hapo. Alisalimiwa barabarani kama zamani, alialikwa kwenye hitima na maulidi, na Yosefu alirudi kumtania, ingawa si mbele ya watu. Lakini waliokuwa wakienda safari walipita mbele ya nyumba yake na vifurushi vyao, wakageuza uso kidogo, wakaenda kuviweka kwingine. Chumba kilibaki na majamvi na kamba. Chupa ya nyuzi iliendelea kukaa juu ya kabati, imejaa hadi shingoni, na hadi siku aliyofariki Mwinyijuma haikutiwa uzi mwingine. Kila mwaka alikwenda Mkange mara moja kuswali. Alichagua safu ya kwanza, mahali paji la uso linapogusa lile tundu lililozibwa la breki, naye alikawia katika sijda kuliko wengine wote.

Basi nyinyi vijana mnaojisifia majina ya babu zenu, tegeni masikio, na asiwepo wa kuniambia kwamba hayo ni ya zamani. Jina jema hamkulitafuta nyinyi. Mmelikuta limehifadhiwa chumbani, nanyi mmepewa ufunguo tu. Msidhani ni lenu mkalikata mtakavyo. Likunjueni lote, mpaka pembe ya mwisho, na aliye na macho kuliko wewe akikwambia tazama tena, hata akiwa ni mkeo anayesuka mkeka, funga mdomo na utazame. Nawaamuru, wala siwaombi: tazameni kabla hamjashika mkasi.